Sakafu Niliyomwekea Bibi

Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu nilijua kila kitu kuhusu sakafu. Sikuwa nimewahi kuweka hata moja, lakini hilo sikuliona kuwa ni upungufu. Nilikuwa nimetoka bara kwenye mafunzo ya miezi sita ya ujenzi wa nyumba bora, nikarudi kwetu kisiwani, kijiji cha Bweni, na cheti, pimamaji mpya, na daftari la miraba ambalo nilitembea nalo kwapani hata nilipokwenda kununua vitumbua. Watu wakinisalimu niliwaitikia huku macho yangu yako chini, nakagua sakafu zao. Haukupita mwezi wakaanza kuniita Bwana Sakafu, nami nikadhani ni heshima.

Siku zile za Ujamaa kila kijiji kilitakiwa kiwe na nyumba ya mfano, ambayo mgeni wa wilaya au wa mkoa akija anapelekwa kuiona, naye anatikisa kichwa na kuandika. Nyumba nyingi za Bweni zilikuwa za udongo na makuti, na kujenga mpya kungechukua muda ambao viongozi hawakuwa nao. Nikasimama mkutanoni, daftari mkononi, nikasema nyumba ya mfano tunayo tayari, nayo ni ya bibi yangu. Ni ya mawe na chokaa, imejengwa na baba yake, mtu wa mashamba ya minazi ambaye upande mmoja alikuwa na damu ya Oman, na kuta zake ni nene hata ukikaa dirishani miguu haining'inii. Kinachopungua, nikasema, ni sakafu ya kisasa tu. Nikapigiwa makofi. Bibi hakuwapo mkutanoni, na hakuna aliyefikiri kumuuliza, mimi nikiwa wa kwanza kutofikiri.

Nilimkuta barazani kwake anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umesimama kama umeleta barua ya serikali?"

Nikamwambia kwamba nyumba yake imechaguliwa kuwa ya mfano.

"Mfano wa nini?"

"Wa nyumba bora."

"Kwani sasa hivi ni mbovu?"

Nikamweleza kwa upole, kwa sauti ile tuliyofundishwa kuitumia kwa wananchi, kwamba nyumba si mbovu ila sakafu yake imepitwa na wakati. Ilikuwa ni sakafu ya chokaa. Bibi mwenyewe alikuwa msichana ilipowekwa, na alikuwa mmoja wa wanawake walioipiga kwa vipande, vile virungu vya mti vya kushindilia, wamechuchumaa kwa mstari, wanaimba na kupiga siku nne mfululizo mpaka chokaa ikashikamana. Sasa ilikuwa ya rangi ya majivu, imeliwa hapa na pale, na wakati wa masika iliingia weusi wa unyevu kisha jua likitoka ikakauka yenyewe. Miguu mitupu ilipoa ukiikanyaga. Mimi niliandika daftarini: "Unyevu upo. Haing'ai."

"Nitakuwekea saruji, bibi. Juu yake rangi nyekundu. Utajiona uso humo."

"Uso wangu naujua," akasema, akaendelea na mchele. Hakukataa. Alikuwa ananipenda, na mtu anayekupenda hukuachia ufanye mambo mengi ya kijinga kabla hajakuzuia.

Kabla ya kazi kuna mpango, na mpango niliupenda kuliko kazi. Nilipima kila chumba mara tatu nikapata vipimo vitatu, nikachukua cha katikati. Nilichora nyumba kutoka juu, kutoka upande, na kutoka pembeni ambako hakuna mtu angeweza kusimama. Kisha nikaenda kumwita fundi.

Huyu fundi alikuwa mzee wa rika la bibi, ana mguu mmoja mbovu, na katika maisha yake alikuwa amechoma chokaa na kujenga karibu kila kitu cha mawe kilichosimama upande wetu wa kaskazini. Nilikwenda kumwajiri afanye kazi chini yangu. Sentensi hiyo naiandika leo na masikio yanapata moto. Aliitazama michoro yangu kwa adabu, akarudia kuitazama, kisha akaniuliza kama nimeipima ardhi.

"Nimeipima. Mara tatu."

"Sisemi upana. Nasema maji. Chukua sinia la bibi yako, ligeuze kifudifudi juu ya sakafu, lizungushie majivu pembeni pasipite hewa. Kesho lifunue uone."

Nikafanya, kwa kumridhisha. Asubuhi nilipofunua sinia, tumbo lake lilikuwa na matone ya maji yaliyojipanga, mengine yakaanza kunitiririkia mkononi. Nikamwita bibi nikamuuliza kama sinia lilikuwa limeoshwa jana. Akasema vyombo vyake vyote huoshwa kila siku, kwani mimi nimeona nini? Nikaandika: "Sinia halikukaushwa."

Fundi aliposikia hakucheka. Alinieleza polepole kwamba nyumba ile imekaa juu ya mawe ya pwani na mchanga wenye chumvi, maji yanapanda kutoka chini usiku na mchana, na chokaa inayaacha yapite yaende zake. "Ukiyazibia," akasema, "yatatafuta pa kutokea. Hayatakuomba ruhusa." Akanikumbusha kuta za Kua, ule mji uliohamwa zamani kule kisiwani Juani, ambazo ni za chokaa tupu na bado zimesimama.

"Na wenyewe wako wapi?" nikamuuliza.

Nilidhani nimemmaliza. Nilitembea kurudi nyumbani nimevimba kichwa, nikilirudia jibu lile moyoni, na nililisimulia kwa watu wawili njiani.

Rangi ya sakafu ilikuwa haipatikani hata mjini Kilindoni, na kuiagiza Dar es Salaam kulikuwa na safari ya barua na majibu. Nikaona njia ya mkato. Ufukweni kulikuwa na dago, kambi ya wavuvi waliokuja msimu ule kutoka wilaya nyingine za pwani, na walikuwa na makopo ya rangi nyekundu ya mashua, iliyobaki. Mimi nikapiga hesabu zangu za akili: rangi hii inazuia bahari nzima isiingie ndani ya mashua, itashindwaje na unyevu kidogo wa nyumba ya bibi? Niliiona fikra hii kuwa kubwa hata nikajiuliza kwa nini huko bara hawakutufundisha. Mvuvi mmoja, akinifungulia kopo, aliniuliza kama mbao zangu zimekauka vizuri.

"Si mbao. Ni sakafu ya nyumba."

Akafikiri. "Mashua, maji yako nje, rangi iko nje. Nyumba yako maji yako upande gani?"

Nikamwambia rangi ni rangi. Akanipa makopo.

Siku ya kuandaa chumba cha ndani, chumba cha bibi, nilitaka kitanda kisogezwe. Bibi alisimama mlangoni akatazama tukikisogeza, na hilo peke yake lingenitosha kama ningekuwa na akili, kwa sababu hakuwa na tabia ya kusimama kutazama kazi ya mtu. Chini ya kitanda, chini ya jamvi kuukuu, palikuwa na mahali pasipo na chokaa. Pana dhiraa tatu kwa moja, kingo zake zimenyooka, na ndani yake mchanga mweupe wa pwani, msafi. Nikaandika daftarini: "Kasoro ya zamani. Kujazwa."

"Hapo usipajaze," bibi akasema.

"Kwa nini, bibi?"

"Ni mahali pangu."

Akanieleza waziwazi, kama anavyoeleza mtu chumvi inakokaa. Pale ndipo unapochimbwa ufuo, shimo la kupokea maji ya maiti. Kitanda cha kuoshea kinawekwa juu yake, maji yanashuka mchangani humo humo ndani ya nyumba, kisha panafukiwa. Baba yake alipoiweka sakafu alipaacha makusudi. Mama yake alioshewa pale. Babu yangu alioshewa pale. "Na mimi ni hapo hapo," akasema. "Sitaki maji yangu yatolewe uani kwa ndoo yakakanyagwe na kuku."

Nilipaswa kusema ndiyo, bibi, nikafuta ile "kujazwa". Badala yake nilifikiria mgeni wa wilaya. Nilimwona ameinama, anauona mchanga, anaandika.

"Bibi, katika nyumba ya mfano mgeni akikuta mchanga chumbani itakuwaje?"

"Chini ya kitanda changu mgeni anatafuta nini?"

Mtu kama mimi akishindwa hoja hutoa ahadi. Nikamshika mkono nikamwambia kwamba siku hiyo, Mwenyezi Mungu aiweke mbali, ikifika, sakafu nitaivunja mimi na ufuo nitauchimba mimi, kwa mikono yangu hii. Wala asiwe na wasiwasi.

Akaigeuza mikono yangu akaitazama viganja. Ilikuwa mikono ya daftari.

"Kwa hii," akasema. "Haya."

Nikaona nimeshinda.

Saruji ilikuja kwa lori kutoka Kilindoni, na barabara ya Bweni ikaishughulikia kama ilivyoshughulikia kila kitu. Mifuko miwili ilifika imepata maji ikawa jiwe. Iliyobaki niliona ni mingi kuliko nilivyohitaji, kwa hiyo nikazidisha saruji katika mchanganyiko. Mafunzoni walitupa kipimo, lakini mimi nilitaka sakafu ya kukumbukwa. Kina mama waliobeba mchanga na maji waliikanyaga ile chokaa ya zamani kwa mara ya mwisho, mmoja akasema mama yake aliipiga upande ule wa dirisha, na mwingine akasema wake alikuwa mlangoni. Nikawaomba wasisimame kwenye njia ya toroli.

Tulianza na ukumbi, tukaenda chumba kwa chumba. Chumba cha bibi kilikuwa cha mwisho, na kilitokea kuwa siku ya Ijumaa. Niliijaza ile sehemu ya mchanga mimi mwenyewe, nikaisawazisha kwa mwiko, nikaweka pimamaji, kiputo chake kikakaa katikati au karibu na katikati. Wakati wa sala ya Ijumaa ulipofika nikanawa. Fundi akasema mguu unamuuma, hauwezi mwendo wa msikitini, atabaki kuilinda sakafu isije ikaingiliwa na kuku. Nikamshukuru kwa bidii yake.

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba, mguu ameunyoosha kuziba njia, akasema hakuna kuingia mpaka ikauke. Nikachungulia. Ile sehemu niliyoijaza ilionekana laini kuliko nilivyoiacha. Nikafikiri: kumbe nina kipaji. Uani shangazi yangu, binti mkubwa wa bibi, alikuwa ananawa mikono hadi viwikoni, na maji yaliyodondoka yalikuwa ya kijivu. Nikafikiri amesugua masufuria.

Siku ya saba, baada ya kuinywesha maji asubuhi na jioni kama mtoto mchanga, niliwaita majirani. Nikachukua mchi wa kinu, nikaunyanyua juu ya kichwa, nikaupiga katikati ya ukumbi. Mchi ukaruka, ukanitetemesha mpaka mabegani, na sakafu haikupata hata alama. Nikawatangazia kwamba sakafu hii haivunjiki kwa mchi wala kwa sururu.

Bibi alikuwa kwenye mkeka pembeni. "Haivunjiki kabisa?"

"Kabisa, bibi."

"Hata na wewe?"

"Hata na mimi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ilinichukua zaidi ya miaka miwili kujua walichekea nini.

Kitabu cha mafunzo kilisema sakafu ikauke mwezi mzima kabla ya rangi. Mgeni wa wilaya alikuwa anakuja baada ya siku kumi, na mimi niliamua kitabu kiliandikwa kwa ajili ya watu wasio na haraka. Kitanda cha bibi kilikuwa tayari kimerudishwa mahali pake. Alisisitiza kirudishwe siku ya nne, nami nikagomba kuwa miguu ya kitanda itatoboa saruji changa, akaweka vifuu vya nazi chini ya kila mguu na mjadala ukaisha. Nilikisogeza nipake rangi. Pale chini niliona mstari mwembamba kama unywele, umenyooka, unafuata kingo za ile sehemu niliyoijaza, kona hadi kona. Nilijua ni nini mara moja: ufa wa kukaukia. Nikaupaka rangi mara tatu ukazibika kabisa.

Lazima niseme kweli, iling'aa. Siku ya mgeni jua liliingia mlangoni likatembea ukumbini mpaka ukutani, na watu walivua viatu bila kuambiwa. Mgeni akaniita ndugu mtaalamu. Alipogeuka kutoka nje soksi zake zikateleza, akadakwa na katibu wa kata, na hilo hatukuliandika. Baada ya wao kuondoka bibi alitandika mikeka kila mahali, kwa kuwa alikuwa ameshateleza mara mbili na hakuwa na umri wa kuteleza mara ya tatu. Sakafu yangu nyekundu ikawa inaonekana kwenye nafasi kati ya mkeka na mkeka.

Halafu ikaja masika.

Kwanza rangi ilitoka malengelenge madogo, ya kuhesabika. Nikasema ni joto. Yakawa makubwa, ukiyakanyaga yanapasuka na kutoa maji, na kisigino chako kinabaki na kipande chekundu. Nikasema watu wanatembea vibaya. Kisha chumvi ikatoka katika nyufa, nyeupe, nyepesi, bibi akaifagia kila asubuhi ikarudi kila jioni. Yale maji yaliyokatazwa sakafuni yakaenda ukutani, kama nilivyokuwa nimeambiwa, na kuta ambazo zilikaa kavu tangu kujengwa zikalowa kufikia magoti, lipu ikaanza kuanguka vipande vipande juu ya mikeka. Nikasema mvua ya mwaka ule haikuwa ya kawaida. Fundi alipita siku moja, akatazama, akaniuliza hali yangu na ya nyumbani, akaenda zake. Nilimchukia wiki nzima kwa hilo.

Jina langu likabadilika. Nikawa Bwana Malengelenge.

Lakini palikuwa na mahali pamoja. Chini ya kitanda cha bibi sakafu ilibaki kama siku ya kwanza. Hakuna lengelenge, hakuna chumvi, nyekundu na laini. Nilipogundua nilikaa pale nimepiga magoti nikalia kidogo kwa furaha. Ule ulikuwa ushahidi. Kama rangi imeshika pale, basi mpango wangu ulikuwa sahihi, na palipoharibika ni kwa sababu ya watu, viatu na mvua. Tangu siku hiyo kila aliyenitania nilimkokota mpaka chumba cha bibi, nikapiga magoti, nikainua shuka lililoning'inia, nikamwambia tazama. Niliwaleta viongozi wa kata. Nilimleta mwalimu wa shule. Nililala kifudifudi mara ngapi sijui, shavu sakafuni, nikionyesha mng'aro.

Bibi alikuwa akikaa juu ya kitanda hicho hicho, miguu ameikunja, anawakaribisha. "Inameni mtazame," aliwaambia. "Maendeleo yako huku chini kwangu." Shangazi alikuwa akitoka nje haraka, mkono mdomoni. Nilidhani ana kikohozi.

Miaka miwili na ushee ilipita hivyo. Nilikuwa nimeshapewa kazi ya stoo Kilindoni, mahali ambapo sikuweza kuharibu kitu ila hesabu ya misumari. Wakati wa kaskazi nililetewa habari kwamba bibi anaumwa. Nilifika nikamkuta anasema, anakula uji, ananitania kuwa nimenenepa kwa misumari ya serikali. Siku ya tatu, asubuhi, jua limeshapanda, alifariki. Nilikuwa nimemshika mkono.

Kwetu mtu hakawizwi. Wanaume walikwenda makaburini kuchimba, kitanda cha kuoshea kikaletwa kutoka msikitini, bibi akalazwa ukumbini amefunikwa, wanawake wakaanza kuchota maji. Shangazi akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ufuo."

Nikaazima sururu. Niliingia chumbani, nikasogeza kitanda, na pale mbele yangu pakawa na mahali pa bibi, pekundu, panang'aa, mahali pekee katika maisha yangu ambapo kazi yangu ilikuwa nzuri.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Nilisogea hatua mbili pembeni, kwenye malengelenge, nikaanza kupiga huko. Bibi yangu amelala ukumbini anasubiri maji, na mimi nilikuwa bado naihurumia rangi. Nilijiambia kwamba shimo ni shimo, kwamba mchanga uko chini kila mahali, na kumbe kila mahali pengine chini ya saruji palikuwa na ile chokaa yao ya vipande, na chini ya chokaa mawe.

Nikapiga. Sururu ikarudi. Nikapiga tena, cheche zikaruka na kipande cha saruji kisichozidi ukucha kikanirukia shavuni. Ile saruji niliyoizidisha kwa sifa ilikuwa kweli haivunjiki. Nikavua shati. Nikapiga mpaka viganja vikatoka malengelenge nayo yakapasuka, na nilichopata ni kishimo cha kukaa kikombe. Wale waliokwenda makaburini walisharudi, nawasikia barazani wanakohoa kwa adabu. Nilijua kitakachofuata. Bibi angeoshwa juu ya mabeseni, maji yake yangebebwa kwa ndoo mpaka uani, kwa kuku, kitu kimoja alichoniomba kisitokee, na wa kulaumiwa hakuwa mwingine. Nililia kwa sauti, huku napiga, bila kuona ninapopiga.

Nilipoinua uso shangazi alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Mkononi alikuwa na kisu cha jikoni.

"Umechoka?"

"Bado."

Akaniacha nipige mara tatu nyingine. Kisha akasema, "Basi, baba. Inatosha," akanipita, akachuchumaa mahali pale palipong'aa, akaingiza ncha ya kisu katika rangi. Akaikata kwa kuufuata ule mstari wangu wa unywele, upande kwa upande, taratibu kama anayekata mkate wa kumimina. Akachomeka kisu, akainua. Ukanyanyuka ubao. Mbao mbili za mvule zilizounganishwa, juu yake zimesiribwa chokaa nyembamba ya fundi na juu ya chokaa rangi yangu mara tatu. Chini ya ubao palikuwa na mchanga mweupe wa pwani, mkavu, msafi.

Ijumaa ile, mimi nikiwa msikitini, fundi na shangazi na bibi mwenyewe waliichota saruji yangu ikiwa bado uji, wakarudisha mchanga, wakaufunika. Ndiyo maana rangi haikutoka malengelenge pale. Haikuwa imeshika sakafu yangu, ilikuwa imeshika ubao wao. Kina mama wote wa Bweni walijua, na miaka miwili walinitazama nikilala kifudifudi kuwaonyesha viongozi kazi ya mzee mwenye mguu mbovu.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" nikamuuliza shangazi. "Umeniona nahangaika."

"Aliacha neno," akasema. "Alisema, 'Mwacheni apige kidogo kwanza. Mwenyewe alituambia haivunjiki hata na yeye, sasa ahakikishe.'"

Nilicheka. Nilikuwa nalia na nikacheka, sikuweza kuvitenganisha, na shangazi naye akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Halafu?"

"Halafu akasema, 'Kuchimba msimpe mtu mwingine. Mjukuu wangu aliniahidi, na mikono yake naijua, nimempunguzia kazi.'"

Akauegemeza ubao ukutani, akatoka kwenda kwa wenziwe kuwaambia maji yaletwe. Nikapiga magoti pale, nikaanza kuchimba kwa mikono, na ule mchanga ulikuwa mwepesi.